Shingo Ikiuma, Umwendee Nani?



Wanachama wanaofika ofisini kwetu kwa habari ya mshahara ni wengi, na hao twawajua. Lakini wako wengine ambao hawakuja kusema neno lolote juu ya afya yao, nasi twaona wazi kwamba wanaumwa. Ukimwita mmoja wao kwa nyuma hageuzi kichwa. Hugeuka na mwili mzima kama lori katika njia nyembamba. Akikaa, mkono mmoja hushika kisogo. Ukimwuliza husema, "Ni shingo tu, itapona."

Mara nyingi ni kweli, itapona. Wala hatuandiki haya kuwatia watu hofu. Tunaandika kwa sababu tumesikia jinsi wenzetu wanavyotafuta dawa ya shingo, na twaona fedha za wafanya kazi zinapotea njiani, tena wako waliopoteza zaidi ya fedha. Mmoja alichomwa sindano katika duka la dawa kila Jumamosi kwa muda wa miezi mitatu. Mwingine alikopa fedha za sako apigwe picha ya emarai kabla ya mtu yeyote kumgusa shingo. Wa tatu alilazwa juu ya meza na mtu asiye na cheti, kichwa chake kikazungushwa mpaka kikalia "ko", akarudi nyumbani na kizunguzungu cha siku nne. Wote watatu tuliwauliza swali moja: yuko aliyepima nguvu za mikono yako? Hakuna.

Maoni yetu ni haya. Mtu wa kwanza wa kumwendea ni yule atakayekuambia uvue shati, akupime kwa mikono yake, kisha aandike alichokiona. Mtu huyo kwa kawaida hayuko mbali wala si ghali. Ni klinikal ofisa wa dispensari au kituo cha afya, na akikuona huna hatari, wa pili ni fiziotherapisti. Hao wengine wote, wenye mashine na wenye visu na wenye mafuta ya kukanda, wana zamu yao, na wengine hawana zamu kabisa.

Kwanza tuseme kidogo juu ya shingo yenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kimekaa juu ya mifupa 7 midogo. Kati ya mifupa hiyo mna visahani laini, ndani yake umepita uti wa mgongo, kandoni hutoka mishipa ya fahamu inayoshuka mikononi, tena ipo mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Mambo makubwa yamepitishwa katika njia ndogo. Kichwa kikiwa wima mifupa hubeba. Kikiinama mbele, nyama za kisogo ndizo zinazokizuia kisianguke, na kadiri kinavyoinama ndivyo zinavyozidi kuvuta.

Mtazame mwendesha kreni katika bandari ya Kilindini. Babu zetu makuli walibeba magunia mabegani, na leo watu husema kazi imekuwa ya kiti na kitufe. Lakini mwenye kreni ya meli hukaa juu kabisa katika chumba chenye kioo sakafuni, akitazama chini kati ya miguu yake saa baada ya saa, maana kontena liko huko chini. Shingo yake haibebi gunia, lakini haipumziki. Karani naye hutazama kompyuta iliyowekwa chini mno, halafu jioni huinamia simu. Dereva wa safari ndefu hutikiswa tangu Mombasa hadi Malaba. Na mpakiaji wa sokoni bado yumo katika dunia ya zamani: gunia la viazi lililoongezwa kilemba juu, wenyewe huliita mukurino, hulala juu ya kisogo chake. Wote hawa husema "shingo", lakini shingo zao si moja.

Sasa tuje kwenye habari ya hatari, maana hapa hatutaki mtu asome haraka haraka. Yako maumivu ya shingo ambayo hayangoji dispensari wala zamu ya kesho. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya lori, au aliyepata ajali ya gari, na shingo inamwuma, asisimamishwe wala asiketishwe. Kichwa chake kishikwe kisicheze, na gari la wagonjwa liitwe. Tumeona wenzetu kwa moyo mwema wakimkunja mtu kama huyo katika kiti cha nyuma cha gari dogo ili wamwahishe hospitali. Moyo mwema huo waweza kukata uti wa mgongo ambao ajali yenyewe haikuukata.

Mtu mwenye homa, kichwa kikali, na shingo iliyokakamaa asiweze kuinamisha kidevu kifuani, huyo aende hospitali saa hiyo hiyo, awe ni mchana au usiku, maana yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kadhalika mtu ambaye shingo imemshika ghafula kwa maumivu asiyopata kuyajua maishani, pamoja na kizunguzungu, au kuona vitu viwili viwili, au uso kupinda, au maneno kumkwama: huenda mshipa wa damu wa shingoni umechanika, na huo ni mlango wa kiharusi. Na mwenye maumivu yanayotoka kifuani yakapanda shingoni na tayani, huku akitoka jasho na pumzi ikimpungukia, huyo ugonjwa wake si wa shingo. Ni wa moyo.

Iko tena hatari inayokuja polepole, nayo ndiyo inayotudanganya zaidi. Vidole vinaanza kuwa vizito. Kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi. Vitu vinaanguka mkononi. Kisha miguu inakuwa kama si yako, unayumba bila pombe, au mkojo haushikiki. Hapo uti wa mgongo unabanwa, na kila wiki ya kungoja ni hasara, kwa sababu nguvu zilizokwisha potea huenda zisirudi zote. Mtu wa namna hii asipelekwe kwa mkandaji hata kama mkandaji huyo alimponya mama yake. Apelekwe hospitali kubwa, aonwe na daktari wa mifupa au wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na hapo picha ya emarai ina haki yake, hata ikibidi kukopa.

Na katika nchi yetu tusisahau kifua kikuu. Watu hudhani ni ugonjwa wa mapafu tu, kumbe huweza kula mifupa ya uti wa mgongo. Maumivu yasiyolala usiku, jasho la usiku, mwili kukonda, homa ndogo za jioni: haya yakikutana na shingo au mgongo unaouma, mwambie klinikal ofisa wazi wazi, wala usione haya. Kipimo na dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi. Vile vile aliyewahi kutibiwa saratani, akianza kuumwa shingo asinyamaze.

Aliyesoma mpaka hapa akajikuta hayumo katika watu hao wote, basi ashukuru, kwa kuwa yumo katika fungu kubwa kabisa. Maumivu ya fungu hili ni ya nyama na maungo, na mengi hupoa katika siku au wiki chache. Tiba yake ya kwanza haina utukufu wowote. Endelea kutembea na kugeuza shingo kwa kiasi, weka kitambaa cha moto, punguza mzigo, kunywa kidonge cha kutuliza maumivu kama ulivyoelekezwa. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Hata ile kola ya shingo ambayo baadhi ya watu huivaa kama joho, ikivaliwa siku nyingi bila amri ya daktari huzifanya nyama za shingo zilegee. (Tumewaona waliovaa kola siku ya kwenda mahakamani tu. Hao hatuna maneno nao.)

Maumivu yakikaa wiki mbili au tatu, au yakishuka mkononi kama umeme, au yakikunyima usingizi, usingoje tena. Nenda kwa klinikal ofisa. Wako wenzetu wanaomdharau kwa kuwa si daktari mkubwa. Dharau hiyo hatuipendi. Mtu huyu amefundishwa na anayo leseni ya baraza lake. Ndiye anayeona wagonjwa wengi wa nchi hii, na kazi yake kwako ni kupambanua: je, hii ni ya nyama, au ni ya mshipa wa fahamu, au ni ya kupelekwa mbele? Akikupima vizuri atakuuliza iliumaje na tangu lini, unafanya kazi gani, atageuza kichwa chako taratibu, atakuambia ukaze mikono na vidole akilinganisha wa kulia na wa kushoto, atagonga viwiko kwa nyundo ndogo, na atakutazama ukitembea. Hayo huchukua dakika chache tu. Akikuandikia sindano bila kuinua macho kwenye karatasi, mwambie kwa heshima: "Daktari, naomba unipime mikono." Una haki ya kusema hivyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mshahara wako hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii iliyochukua mahali pa NHIF, huombi sadaka.

Sindano zenyewe tuziseme kidogo. Sindano ya dukani hutuliza, hatukatai, na ndiyo sababu watu huirudia. Lakini dawa za namna ile zikizoewa huchoma tumbo mpaka likatoa damu, hupandisha presha, na huharibu figo. Tena muuza duka hakukupima. Mwenye presha au vidonda vya tumbo asichomwe hovyo.

Sasa fiziotherapisti. Huyu ndiye ambaye wafanya kazi wengi hawamjui, na kwa maoni yetu ndiye tunayemhitaji kuliko wote. Yeye hutibu kwa mazoezi na kwa mikono. Hospitali kubwa za kaunti zina idara yake, na wako wenye vyumba vyao wenyewe mijini. Watu humkimbia kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanasema "ananipa mazoezi tu, na dawa hanipi." Ndugu, mazoezi ndiyo dawa. Nyama ya shingo na ya mabega iliyochoka kwa kazi hupata nguvu kwa kufundishwa, wala hakuna chupa wala sindano inayoweza kuifundisha. Ya pili, anataka urudi mara kadha, na kila safari ni nauli na kibarua kinapotea. Hili la pili ni kweli, nasi tutalirudia chini, kwa kuwa hilo si kosa la mgonjwa.

Fiziotherapisti mzuri utamtambua hivi: atakuuliza habari za kazi yako kuliko mtu mwingine yeyote. Unabeba kwa bega gani? Kiti cha gari kinashuka? Kompyuta iko juu au chini ya macho? Kisha atakufundisha jambo la kufanya nyumbani, na baada ya safari chache atakupunguzia siku badala ya kukuongezea. Yule anayekulaza chini ya taa ya moto nusu saa, asikufundishe neno, kisha akuandikie siku ishirini za kulipa, huyo mwangalie vizuri. Na yeye pia awe na leseni. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia, na mtu akiwa na leseni haoni aibu kuitundika ukutani. Mara nyingi kadi ya bima hutaka barua ya daktari kabla hajakuona, basi iombe mapema usije ukafika mlangoni ukarudishwa.

Picha? Tumekwisha mtaja yule aliyekopa fedha za sako. Picha yake ilitoka ikasema mifupa ya shingo imelika kidogo na visahani vimepungua. Alilia. Alidhani mwisho umefika. Lakini wapige picha watu wazima wa miaka hamsini wasioumwa chochote, wengi wao utawakuta na maneno hayo hayo. Ni kama mvi. Picha bila kupimwa hutia hofu na humaliza fedha. Picha baada ya kupimwa, panapokuwa na swali la kujibiwa, ni chombo kizuri sana. Basi daktari akikuandikia emarai, mwulize: "Ikionyesha hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika?" Akiwa na jibu, piga. Akikosa jibu, ngoja kwanza.

Wakandaji na wazee wa kuunga mifupa hatuwezi kuwapita, maana wengi wetu ndiko tunakoanzia, hasa sisi wa pwani na wa vijijini. Hatuwatukani wazee wetu. Mkono laini wenye mafuta ya nazi ukichua bega lililokaza huleta faraja, na faraja nayo ni kitu. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wetu ni kwa kuzungusha kichwa kwa nguvu na ghafula. Ile mishipa ya damu tuliyoitaja hupita ndani ya mifupa ya shingo, na wako watu, si wengi lakini wako, ambao mishipa yao imechanika baada ya shingo kusokotwa, wakapatwa na kiharusi. Hata kairopraktika, yaani wale waliosomea ng'ambo kazi ya kunyoosha maungo kwa mikono, wanaijua hatari hii, na mwenye elimu kati yao hukuuliza maswali mengi kabla ya kukugusa. Kazi yao huwasaidia baadhi ya watu, lakini kwa shingo ya kawaida haikuonekana kushinda mazoezi. Sasa ikiwa msomi anaogopa, kinyozi anayekuvunja shingo bure baada ya kukunyoa anajua nini? Mwambie aache. Na kuumika kwa chuku, wembe usiwe wa watu wawili. Damu inachukua homa ya ini na ukimwi, na shingo yako haijapona bado.

Liko jambo moja ambalo mganga yeyote asiyeandika hawezi kukupa, nalo ni karatasi. Sheria ya Fidia ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, ile iitwayo WIBA, inasema tajiri alipe fidia na gharama za matibabu za mfanya kazi aliyeumia kazini. Mtu akiumia amwambie tajiri mara moja, na tajiri naye ana siku 7 tangu kujua za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini; ikiwa mtu amekufa ni saa 24. Madai ya fidia yaletwe katika miezi 12. Haya yote husimama juu ya alichoandika mtu wa kwanza aliyekuona. Mpakiaji aliyeangukiwa na gunia, akaenda kukandwa miezi minane, kisha akaja kwetu mkono umekufa ganzi, tutamtetea kwa nini? Tajiri atasema aliumia shambani kwake. Lakini kikaratasi cha dispensari cha siku ile ile, kilichoandikwa "ameangukiwa na mzigo kazini, shingo inauma, nguvu za mkono wa kulia zimepungua", hicho kina thamani kuliko hotuba zetu zote. Basi ukifika, sema wazi kwamba uliumia kazini, sema saa na mahali, na hakikisha imeandikwa. Daktari wa kampuni akikuona, sawa, lakini omba nakala yako. Ikae kwako, isiwe ofisini kwa tajiri peke yake.

Na wale ambao hawakuangukiwa na kitu, bali wameumia kidogo kidogo miaka kumi? Kesi yao ni ngumu zaidi, hatuwafichi. Ndiyo sababu wanatakiwa waanze kuandikisha mapema kuliko wote.

Yote haya tumeyasema kwa mgonjwa. Yako ya kumwambia tajiri. Twaweza kumpeleka mpakiaji kwa fiziotherapisti mwema kuliko wote katika Kenya, akafundishwa mazoezi, akapona, kisha Jumatatu akarudishiwa gunia lile lile juu ya kisogo. Shirika la Kazi la Dunia lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake utamwumiza, na inamtaka afanye kazi na vyombo vimfae mfanya kazi. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia liwe kilo 50. Nenda sokoni ulione gunia lenyewe.

Kwa hivyo katika mazungumzo ya mkataba mpya tutadai mambo haya: siku za kwenda kwa fiziotherapisti zihesabiwe kuwa siku za kazi zenye malipo, mtu aliyetoka katika matibabu apewe kazi nyepesi kwa muda atakaoandika daktari, bila kupunguziwa mshahara, waendesha kreni wapokezane kwa saa zilizo fupi, na mizani iwekwe mlangoni mwa kila ghala. Wakubwa watasema ni gharama. Waulizwe wamelipa kiasi gani kufundisha mwendesha kreni mmoja.

Ili madai haya yawe na nguvu twahitaji karatasi zenu. Kila mwanachama aliyetibiwa shingo au mgongo tangu Januari alete nakala kwa mwakilishi wa idara yake, jina litafichwa. Mwakilishi azilete ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Asiye na karatasi na aje hivyo hivyo. Tutakaa naye tuandike tarehe na mzigo aliokuwa akibeba, kisha tumwonyeshe dispensari iliyo karibu.